Tofu ya Nyumbani: Uhaba, Uhamaji na Sera katika Historia ya Mlo wa Pilipili wa Sichuan

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya mlo mmoja wa kawaida katika jimbo la Sichuan, kusini-magharibi mwa China: tofu inayokaangwa karaini pamoja na mboga na kuungwa kwa pilipili, ambayo wenyeji huiita jiachang doufu, yaani tofu ya nyumbani. Hoja kuu ni kwamba ladha inayotambuliwa leo kuwa ya jadi si urithi wa kale uliodumu bila kubadilika. Ni zao la uhaba, uhamaji na maamuzi ya dola, na kaya za kawaida, hasa wanawake wa kaya hizo, ndizo zilizoiunda kwa kutumia vitu vichache zilivyoweza kuvipata. Makala yanafuatilia viambato vikuu vya mlo huo, kisha yanaonesha jinsi dola lilivyoharibu jiko la nyumbani katikati ya karne ya 20 na baadaye kulienzi kama urithi wa taifa. Sehemu ya mwisho inajadili yale ambayo historia hii inawafunza watunga sera wa Afrika Mashariki wanaohimiza ulaji wa soya.

Maneno makuu: tofu, soya, pilipili, Sichuan, jiko la nyumbani, uhaba, sera ya chakula

1.0 Utangulizi

Namna ya kuandaa tofu ya nyumbani haina ugumu mkubwa. Tofu hukatwa vipande bapa na kukaangwa pande zote mbili hadi iwe na rangi ya dhahabu, kisha huwekwa kando. Katika karai hilohilo, kijiko kimoja au viwili vya rojo la maharage na pilipili, liitwalo doubanjiang, hukaangwa kwa moto wa wastani mpaka mafuta yageuke mekundu. Hufuata tangawizi na kitunguu saumu, halafu mboga za msimu, uyoga au machipukizi ya mianzi, na nyama kidogo kwa mwenye uwezo. Tofu hurejeshwa karaini pamoja na supu kidogo na sosi ya soya, ikaachwa inyonye mchuzi. Mwishoni hutiwa majani ya kitunguu saumu na wanga uliokorogwa kwa maji ili mchuzi ushike. Huliwa kwa wali.

Mlo huu hupikwa katika maelfu ya nyumba bila mpishi kusoma kitabu chochote. Kwa sababu hiyo ni rahisi kudhani kwamba umekuwapo tangu kale. Vitabu vya mapishi na matangazo ya utalii huikuza dhana hiyo kwa kuuita mlo wa jadi. Hata hivyo, kiambato kinachoupa rangi na ukali wake, yaani pilipili, hakikujulikana nchini China kabla ya karne ya 16, na hakuna maandishi yanayokitaja Sichuan kabla ya katikati ya karne ya 18. Swali linaloongoza makala haya, kwa hiyo, ni hili: ilikuwaje mmea mgeni, jamii ya wahamiaji na jikoni zenye uhaba zikaunda kitu kinachoaminiwa leo kuwa kiini cha ladha ya nyumbani?

Swali hili lina uzito nje ya China pia. Serikali nyingi, zikiwamo za ukanda wetu, hutunga sera za lishe na za urithi wa utamaduni kwa kuchukulia kwamba chakula cha jadi ni kitu kinachojulikana, kilichokamilika na kinachosubiri kuhifadhiwa tu. Historia ya tofu ya nyumbani inaitilia shaka dhana hiyo.

2.0 Tofu: Nyama ya Asiye na Nyama

Soya ni zao la kale la kaskazini mwa China. Kwa karne nyingi ililiwa ikiwa imechemshwa au kupikwa uji, na haikuwa na hadhi kubwa. Punje nzima ya soya huchukua muda mrefu kuiva na ni nzito tumboni. Mabadiliko makubwa yalikuja na ufundi wa kuisaga na kuigandisha.

Mapokeo humtaja Liu An, mtawala wa Huainan aliyeishi kati ya mwaka 179 na 122 kabla ya Kristo, kuwa mgunduzi wa tofu. Maelezo hayo yalienezwa na waandishi walioishi karne nyingi baada yake. Mmoja wao ni tabibu Li Shizhen, ambaye katika kitabu chake kikubwa cha dawa, Bencao gangmu, kilichokamilika mwaka 1578, anaeleza pia hatua za kutengeneza tofu. Mchoro uliochongwa katika kaburi la enzi ya Han huko Dahuting, mkoani Henan, umefasiriwa na baadhi ya wataalamu kuwa unaonesha utengenezaji wa tofu, ilhali wengine wanauona kuwa wa utengenezaji wa pombe.

Ushahidi wa maandishi usio na utata unapatikana katika karne ya 10, katika kitabu cha Tao Gu kiitwacho Qingyi lu. Humo anatajwa ofisa mmoja wa wilaya ya Qingyang aliyekuwa mwadilifu kiasi kwamba hakumudu kununua nyama, akawa ananunua tofu kila siku. Wenyeji wakaibatiza tofu jina la utani, wakiifananisha na nyama ya kondoo ya ofisa huyo. Kisa hiki kifupi kinafichua jambo la msingi: tangu inapoingia katika maandishi, tofu inahusishwa na mtu asiyemudu nyama. Hadhi yake ilitokana na uadilifu wa umaskini na si na anasa.

Ufundi wenyewe ulitegemea mazingira ya mahali. Soya hulowekwa, husagwa kwa maji, huchujwa, na tui lake huchemshwa. Kisha hutiwa kitu cha kuligandisha: jasi, au maji machungu yanayobaki baada ya chumvi kuganda. Sichuan ilibahatika kuwa na visima vya maji ya chumvi, hasa katika eneo la Zigong, ambako mwaka 1835 kisima cha Shenhai kilichimbwa hadi kuvuka kina cha mita 1,000 kwa zana za mianzi na chuma. Visima hivyo vilitoa chumvi, maji machungu ya kugandishia tofu, na hata nyama. Ng'ombe na nyati waliozungusha mitambo ya kuteka maji walichinjwa walipozeeka, na nyama yao ngumu ikawa kitoweo cha vibarua. Hivyo tofu na nyama kidogo ya ng'ombe vilikutana katika karai la Sichuan kwa sababu za kiuchumi zinazoeleweka.

3.0 Pilipili: Mgeni Aliyekuja Badala ya Chumvi

Pilipili ya jenasi Capsicum ina asili ya mabara ya Amerika. Iliingia katika njia za biashara za Bahari ya Hindi na Bahari ya China baada ya safari za Wahispania na Wareno mwishoni mwa karne ya 15. Maelezo ya mwanzo yanayojulikana nchini China yamo katika kitabu cha Gao Lian, Zunsheng bajian, cha mwaka 1591. Mwandishi huyo anaiita fanjiao, yaani pilipili ya kigeni, na anaieleza miongoni mwa mimea ya kupendezesha bustani. Inampendeza kwa maua yake meupe na tunda jekundu, ingawa hakosi kutaja kwamba ladha yake ni kali. Li Shizhen, aliyeandika muda mfupi kabla yake, hakuitaja kabisa katika orodha yake ndefu ya mimea.

Kutoka bustanini hadi jikoni palikuwa na safari ndefu. Kumbukumbu za wilaya, ambazo maofisa wa China waliziandika kwa kila eneo wakiorodhesha mazao, desturi na kodi, zinaitaja pilipili Zhejiang mwaka 1671 na Hunan mwaka 1684. Maelezo yenye uzito zaidi kwa makala haya ni ya Sizhou, mkoani Guizhou, ya mwaka 1722. Yanasema kwamba wenyeji wa eneo hilo, wakiwamo Wamiao, walitumia pilipili badala ya chumvi. Guizhou haikuwa na chumvi yake yenyewe. Chumvi ililetwa kutoka mbali, hasa Sichuan, ikipita milimani mabegani mwa wachukuzi, na biashara yake ilidhibitiwa na kutozwa kodi na dola. Kwa kaya maskini, wali au mahindi bila chumvi yalihitaji kitu cha kuyafanya yamezeke. Pilipili iliota kando ya nyumba, haikutozwa kodi, na ilikaushika kwa matumizi ya mwaka mzima.

Sichuan yenyewe inaingia katika maandishi mwaka 1749, katika kumbukumbu za wilaya ya Dayi, karibu na Chengdu, ambamo pilipili inaitwa haijiao, yaani pilipili ya baharini. Jina hilo bado linatumika Sichuan hadi leo, ingawa jimbo hilo liko mbali sana na bahari. Mwanzoni mwa karne ya 19 pilipili ilikuwa imeenea katika sehemu kubwa ya jimbo.

Historia ya majina inafaa kutazamwa kwa jicho la msemaji wa Kiswahili. Neno pilipili lina asili ya Bara Hindi na lilifika pwani kupitia njia za Waajemi na Waarabu, likiwa jina la kiungo cheusi cha kale. Pilipili ya Amerika ilipowasili, ilijitwalia jina hilo kiasi kwamba kile kiungo cha zamani ndicho kilichohitaji kuongezewa sifa, kikawa pilipili manga, yaani ya Uarabuni. Nchini China neno jiao lilikuwa jina la kiungo cha kienyeji, ambacho leo kinalazimika kuitwa huajiao ili kisichanganywe na pilipili mgeni. Katika pwani zote mbili za safari hiyo, mgeni alikaa katika nyumba ya mwenyeji na mwenyeji akalazimika kujitambulisha upya.

Hata hivyo, mgeni huyo alikuta ukumbi umeandaliwa. Chang Qu, mwanahistoria wa karne ya 4, alikwisha kueleza katika Huayang guozhi kwamba watu wa Shu, jina la kale la eneo la Chengdu, walithamini ladha na kupenda viungo vikali vyenye harufu. Viungo vyao vilikuwa tangawizi na huajiao. Kibotania, huajiao haihusiani na pilipili yoyote: iko katika ukoo mmoja na michungwa na milimau. Ganda lake hufanya midomo na ulimi kufa ganzi na kusisimka. Watafiti wa London walionesha mwaka 2013 kwamba msisimko huo hulingana na mtetemo wa takriban mara 50 kwa sekunde. Pilipili haikuiondoa huajiao bali iliungana nayo, na muungano wa ukali na ganzi ukawa alama ya mapishi ya Sichuan.

4.0 Wahamiaji na Rojo la Maharage

Katikati ya karne ya 17 Sichuan iliangamia. Mwaka 1644 jeshi la mwasi Zhang Xianzhong liliteka Chengdu, na miaka ya vita, mauaji, njaa na maradhi iliyofuata ilipunguza watu wa jimbo hilo kwa kiwango cha kutisha. Nasaba mpya ya Qing ilikuta mashamba yaliyogeuka vichaka. Kuanzia miaka ya 1670 serikali ilihamasisha wakulima kutoka mikoa mingine wahamie huko kwa kuwapa ardhi na kuwapunguzia kodi. Wengi walitoka Huguang, yaani Hunan na Hubei za leo, na wengine Guangdong, Fujian, Jiangxi na Shaanxi. Uhamaji huo ulidumu zaidi ya karne moja.

Tukio hili linaeleza kwa nini mapishi ya Sichuan yalibadilika upesi kuliko ya majimbo ya jirani. Jamii ilikuwa imejengwa upya. Watu waliofika walibeba mbegu na desturi za makwao, lakini hawakupata mazingira ya makwao. Walilazimika kubuni jiko jipya kwa mazao ya ardhi mpya, na majirani zao walitoka mikoa tofauti na yao.

Rojo la maharage la Pixian, ambalo bila hilo tofu ya nyumbani haina jina, linahusishwa na uhamaji huo. Kwa mujibu wa mapokeo, familia ya Chen kutoka Fujian ilikuwa njiani kwenda Sichuan maharage yao mapana yalipoota kuvu kutokana na unyevu. Hawakuthubutu kuyatupa. Waliyaanika, wakayachanganya na pilipili, wakayala. Mapokeo ya aina hii hayawezi kuthibitishwa, lakini mantiki yake ni ya kweli. Ufundi wa kuchachua maharage kwa kuvu ulikuwepo China kwa karne nyingi, ukitumika kwa soya. Jambo jipya lilikuwa kuuhamishia kwenye maharage mapana na kuuoanisha na pilipili, mazao mawili yaliyostawi katika bonde la Chengdu. Kufikia katikati ya karne ya 19 maduka ya watengenezaji wa rojo hilo yalikuwa yamejijenga mjini Pixian.

5.0 Karai, Moto na Mafuta

Viambato peke yake havifanyi mlo. Namna ya kupika nayo ina historia yake. Kukaanga kwa kugeuzageuza, chao kwa Kichina, kunatajwa katika Qimin yaoshu, kitabu cha kilimo cha Jia Sixie cha karne ya 6, katika maelezo ya kupika mayai. Wanahistoria wa chakula huhusisha kuenea kwa mbinu hii na mambo matatu: chuma chembamba cha karai, mafuta ya mbegu na uhaba wa kuni. Mboga na tofu zikikatwa vipande vidogo vya ukubwa sawa, huiva kwa dakika chache juu ya moto mkali wa vijiti au mabua ya mpunga. Kazi ndefu hufanywa kwa kisu kabla moto haujawashwa. Kwa maneno mengine, kaya iliyokosa kuni ililipa kwa nguvu kazi, na nguvu kazi hiyo kwa kawaida ilikuwa ya mwanamke.

Mafuta ya Sichuan yalitoka kwenye mbegu za rapa, zao la jamii ya haradali linalolimwa majira ya baridi katika mashamba yaleyale ya mpunga. Hayakuwa mengi, na hivyo kukaanga tofu kwa mafuta ya kutosha kulikuwa jambo la kupimwa. Hapo ndipo rojo la maharage lilipofanya kazi zaidi ya kuleta ukali. Kijiko chake kimoja kilibeba chumvi, utamu wa uchachu, rangi na harufu kwa pamoja, kikaifanya sufuria ya mboga na tofu iwe na ladha nzito kana kwamba ilipikwa kwa nyama.

6.0 Mtaa na Nyumba: Nani Aliandikwa?

Tofu mashuhuri zaidi ya Sichuan si ya nyumbani bali ya mgahawa. Inasimuliwa kwamba mwaka 1862, karibu na daraja la Wanfu mjini Chengdu, familia ya Chen ilifungua mgahawa mdogo uliohudumia wachukuzi wa mafuta. Mwenye mgahawa alikuwa mwanamke aliyekuwa na makovu ya ndui usoni, na mlo wake ukaitwa mapo doufu, tofu ya bibi mwenye makovu. Wateja, kwa mujibu wa masimulizi, walileta mafuta kidogo kutoka mizigoni mwao na nyama waliyonunua jirani, naye akawapikia. Mwaka 1909 Fu Chongju, katika kitabu chake kuhusu maisha ya Chengdu, Chengdu tonglan, aliitaja tofu ya Chen Mapo miongoni mwa vyakula mashuhuri vya mji huo.

Mwanamke huyu aliingia katika historia kwa jina la ukoo wa mumewe na kwa makovu yake. Jina lake binafsi halikuhifadhiwa katika umaarufu huo. Tena aliandikwa kwa sababu aliuza. Wanawake waliopika tofu kwa ajili ya watoto na wakwe zao hawakuwa na Fu Chongju wa kuwaorodhesha.

Zeng Yi anaonesha upande mwingine. Alizaliwa mwaka 1852 katika familia ya wasomi ya Huayang, sehemu ya Chengdu ya leo, na alikuwa tabibu na mshairi. Mwaka 1907 maandishi yake yalichapishwa, yakiwamo maelezo mafupi ya kazi za jikoni yaitwayo Zhongkui lu, yaliyokusudiwa kuwafunza wanawake vijana kuendesha nyumba. Humo anaeleza namna ya kutengeneza sosi ya soya, tofu iliyochachuliwa, mboga za chumvi na, kwa makala haya jambo muhimu zaidi, rojo kali la maharage. Maharage mapana hulowekwa na kumenywa, huoshwa kwa maji ya moto na kupakwa unga kidogo. Huwekwa chumbani gizani chini ya mabua ya mpunga au jamvi la matete kwa siku sita au saba hadi kuvu la manjano liote. Kisha huanikwa juani mchana na kuachwa kwenye umande usiku, huingizwa katika maji ya chumvi, na pilipili nyekundu zinapoiva hukatwakatwa na kuchanganywa alfajiri.

Maelezo haya yana thamani kubwa ya kihistoria. Yanathibitisha kwamba mwanzoni mwa karne ya 20 rojo la maharage na pilipili, licha ya kuwa bidhaa ya maduka ya Pixian, lilikuwa pia kazi ya msimu ya nyumbani, yenye kalenda, vipimo na maarifa ya kuvu na jua. Yanaonesha vilevile kwamba maarifa hayo yalihesabiwa kuwa elimu pale tu mwanamke mwenye elimu ya maandishi alipoyaandika.

7.0 Dola Jikoni: 1953 hadi 2010

Mwaka 1953 serikali ya Jamhuri ya Watu wa China ilianzisha mfumo wa ununuzi na uuzaji wa nafaka chini ya mamlaka moja. Kuponi za nafaka zilianza kutumika nchini kote mwaka 1955 na hazikuondolewa kabisa hadi mwaka 1993. Mafuta ya kupikia nayo yaligawiwa kwa kipimo, na katika miji mingi hata tofu ilihitaji kuponi. Migahawa ya binafsi iliingizwa katika umiliki wa pamoja na dola katikati ya miaka ya 1950.

Mwaka 1958, katika kampeni ya Hatua Kubwa Mbele, kaya za vijijini zilitakiwa kula katika majiko ya pamoja. Masufuria na makarai yalichukuliwa na kuyeyushwa katika tanuri za chuma. Nyumba ikabaki bila jiko. Katika miaka iliyofuata, hadi 1961, Sichuan ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyoumizwa zaidi na njaa kuu. Mamilioni ya watu walikufa, huku nafaka ikiendelea kupelekwa nje ya jimbo kwa amri ya serikali. Ni katika kipindi hichohicho ambapo mfululizo wa vitabu vya mapishi mashuhuri ya China, Zhongguo mingcai pu, ulioanza mwaka 1958, ulikuwa ukiandaliwa na taasisi za serikali kwa kukusanya ujuzi wa wapishi wa migahawa. Dola lilikuwa likihifadhi mapishi katika karatasi wakati ambapo katika vijiji vingi hapakuwa na karai la kupikia wala chakula cha kutia ndani yake.

Mgongano huo unapaswa kuzingatiwa na kila anayeshughulikia sera ya urithi wa chakula. Kilichonusuru ladha ya nyumbani si vitabu hivyo. Baada ya majiko ya pamoja kuvunjwa mwaka 1961, kaya zilirejeshewa vipande vidogo vya ardhi, na pilipili, kitunguu saumu na maharage vikaoteshwa tena kando ya nyumba. Mitungi ya rojo na ya mboga za chumvi ilijazwa upya na watu waliokumbuka namna ya kuijaza. Mageuzi ya kilimo ya mwishoni mwa miaka ya 1970, ambayo Sichuan ilikuwa miongoni mwa majimbo yaliyotangulia kuyajaribu, yaliongeza mafuta, nyama na mboga mezani.

Hapo ndipo kipindi cha kuenziwa kilipoanza. Mwaka 1985 chuo cha elimu ya juu cha mapishi kilianzishwa Chengdu. Walimu na wapishi waliainisha ladha za Sichuan katika makundi zaidi ya 20, na moja kati ya hizo likaitwa jiachang wei, ladha ya nyumbani, likitambulishwa kwa rojo la maharage, chumvi na sosi ya soya. Mwaka 2008 ufundi wa kutengeneza rojo la Pixian uliingizwa katika orodha ya taifa ya urithi usioshikika, na mwaka 2010 UNESCO iliitangaza Chengdu kuwa mji wa ubunifu katika mapishi, wa kwanza barani Asia. Kile kilichokuwa busara ya kaya zenye uhaba kikawa somo la darasani, nembo ya bidhaa na kivutio cha watalii.

8.0 Ladha ya Nyumbani Ugenini

Uhamaji haukukoma katika karne ya 17. Chen Kenmin, mpishi mzaliwa wa Yibin, Sichuan, alifika Japani mwaka 1952 na mwaka 1958 akafungua mgahawa Tokyo. Alipunguza ukali wa mapo doufu ili ikubalike kwa Wajapani na akaifundisha kupitia televisheni. Mwaka 1971 kampuni ya Marumiya ilianza kuuza mchuzi wa mlo huo uliokwisha kuandaliwa. Ndani ya miongo miwili, tofu ya wachukuzi wa Chengdu ikawa chakula cha kawaida cha nyumbani katika nchi nyingine. Nchini Marekani, Buwei Yang Chao, tabibu mzaliwa wa China, alichapisha mwaka 1945 kitabu kilichowapa wasomaji wa Kiingereza msamiati wa mapishi ya Kichina, likiwamo neno linalotumika hadi leo kwa kukaanga kwa kugeuzageuza.

Huko nako sera iliingia jikoni. Kuanzia mwaka 1968 hadi 2005 Marekani ilikataza kuingizwa kwa huajiao kwa hofu ya ugonjwa wa michungwa, kwa kuwa mimea hiyo ni ya ukoo mmoja. Kwa takriban miaka 37 kanuni ya afya ya mimea iliamua, bila kukusudia, jinsi mlo wa Sichuan ulivyopaswa kuonjwa na familia za Wamarekani.

9.0 Mafunzo kwa Afrika Mashariki

Soya si ngeni katika ukanda huu. Ilijaribiwa Amani, Tanganyika, mwaka 1907 wakati wa utawala wa Wajerumani. Nchini Uganda, Chuo Kikuu cha Makerere kilitoa mwaka 2004 aina ya Maksoy 1N iliyostahimili ugonjwa wa kutu. Rwanda ina unga wa sosoma, mchanganyiko wa soya, mtama na mahindi, unaopikwa uji wa watoto. Mwaka 2020 China, ambayo mwaka huo iliagiza zaidi ya tani milioni 100 za soya kutoka nje, iliruhusu soya ya Tanzania kuingia katika soko lake. Sehemu kubwa ya soya inayoagizwa na China hukamuliwa mafuta na kuwa chakula cha mifugo. Haiishii katika karai la tofu.

Kwa hiyo mkulima wa soya wa Songea anaweza kuuza zao lake ng'ambo ilhali jikoni kwake haliliwi ila kwa uji. Kampeni za lishe zimekuwa zikilieleza tatizo hili kama ukosefu wa elimu kuhusu protini. Historia ya Sichuan inaelekeza kwingine. Soya ilikubalika pale ilipopata wasindikaji wadogo walio karibu na mlaji, kiungo chenye ladha nzito na cha bei nafuu cha kuiungia, na namna ya kupika isiyomaliza kuni. Mapendekezo matatu yanafuata kutokana na hoja hiyo.

Kwanza, mipango ya soya iweke uzito katika usindikaji mdogo wa mitaani na vijijini sawa na inavyouweka katika mbegu na masoko ya nje. Pili, utafiti wa lishe uanzie kwenye viungo ambavyo kaya tayari zinavithamini, kama vile karanga, tui la nazi, ndimu na pilipili, badala ya kuleta mlo wa kigeni mzimamzima. Watu wa Sichuan hawakuiga mlo wa Amerika; walichukua mmea wake wakautia katika ufundi wao. Tatu, ukusanyaji wa urithi wa mapishi uandike majina, kalenda na vipimo vya wanawake wanaopika nyumbani, kabla maarifa hayo hayajabaki katika kumbukumbu za migahawa na hoteli pekee.

10.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba tofu ya nyumbani ya Sichuan ni mkusanyiko wa majibu yaliyotolewa na kaya kwa matatizo ya nyakati mbalimbali: nyama isiyonunulika, chumvi iliyotozwa kodi, kuni chache, ugenini na njaa. Dola lilishiriki katika kila hatua, kwa kodi, kwa ugawaji wa ardhi, kwa kuponi, kwa kunyang'anya makarai na hatimaye kwa kutoa vyeti vya urithi. Vyeti hivyo havina ubaya, mradi visisahaulishe yaliyotangulia. Mlo huo ulidumu kwa sababu kaya ziliendelea kuwa na ardhi kidogo kando ya nyumba, mtungi wa kuchachulia, na mtu aliyejua siku ya kuanika maharage. Sera ya chakula inayolenga nyumba haina budi kuhakikisha kwanza kwamba vitu hivyo vipo.